Hii Nayo ni DB5?

Mwaka 2018 kampuni ya Lego ilitoa Aston Martin DB5, lile gari la James Bond, kwa vipande 1,295, vingi vikiwa vya kijivu. Picha zilipotoka tu, mashabiki wakagawanyika. Kuna walioona gari, na kuna walioona boksi lenye taa. Mwaka uliofuata ikaja Ford Mustang ya vipande 1,471, ikapokewa kwa shangwe, na waliokuwa wamenuna kwa sababu ya DB5 wakapata pa kushikia: kumbe inawezekana!

Mabishano haya nimeyasikia mpaka najua nani atasema nini kabla hajafungua mdomo. Nimeyapanga hapa kwa sauti tatu, na wenye sauti nimewaita kwa shughuli zao. Mpimaji ni dada anayechora ramani za majengo. Rula haimtoki mkononi. Mjenzi ni kijana anayenunua vitofali vilivyotumika, kwa kilo, na kubuni magari yake mwenyewe. Fundi amefumua injini maisha yake yote. Lego haimshughulishi, ila magari yanamshughulisha sana. Mimi nachomekea pale ninapoona panahitajika, na upande wangu sitauficha.

MPIMAJI: Tuanze na namba, maneno yatafuata. DB5 halisi ina urefu wa milimita 4,570, upana 1,676, kimo kama 1,340. Ya vitofali, kwa vipimo vya boksi, ni sentimita 34 kwa 12 kwa 10. Gawanyeni wenyewe. Urefu unatoa moja kwa 13.4, kimo moja kwa 13.4, upana moja kwa 14. Tofauti haifiki asilimia tano. Nimeona ghorofa zikisimama na makosa makubwa kuliko hayo.

MJENZI: Na bado haifanani, dada.

MPIMAJI: Haifanani wapi? Mtu akisema "haifanani" aniwekee kidole mahali.

MJENZI: Usoni. Show ya mbele ya DB5 ni pana kwa chini, halafu inapanda katikati kwa mkunjo laini. Hapa mkunjo umekuwa ngazi. Taa za gari lenyewe zimezama ndani ya madigadi na kufunikwa kioo kilicholala; hapa zimesimama zinakukodolea. Na nguzo za kioo cha mbele, ambazo kwenye gari halisi huzioni, hapa ndizo kitu cha kwanza unachoona.

FUNDI: Hapo kijana amesema. Mimi sijui skeli, lakini hilo gari nikiliona barabarani ningedhani limegongwa mbele, likapelekwa kwa mnyoosha bodi aliyekuwa na haraka.

MPIMAJI: Mzee, hayo ni maoni.

FUNDI: Ndiyo, na wewe una rula. Tuendelee.

MJENZI: Sasa chukua Mini Cooper ya mwaka 2014, vipande 1,077, ya kijani yenye paa jeupe. Dada, tupimie.

MPIMAJI: Mini halisi ni milimita 3,054 kwa 1,397 kwa 1,346. Boksi linasema sentimita 25 kwa 14 kwa 11. Urefu moja kwa 12.2. Kimo moja kwa 12.2. Upana... moja kwa 10.

MJENZI: Kumi! Hata ukitoa vinavyochomoza ubavuni, hilo gari limenenepa. Kwa rula yako Mini ndiyo mbovu na DB5 ndiyo safi. Lakini yaweke yote mawili mezani, muite mtu yeyote apite. Mini ataitaja jina kabla hajakaa. DB5 atakuuliza ni gari gani.

Hapo nawasimamisha kidogo, kwa sababu hapo ndipo mjadala mzima unapolala. Watu huzungumza kana kwamba skeli na uhalisia ni kitu kimoja: ukikaza cha kwanza, cha pili kitakuja chenyewe. Namba za boksi zinakataa. Nilipozipanga kwa magari mengine ya mfululizo uleule wa Lego nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Mustang: urefu moja kwa 13.7, upana moja kwa 12.9. Volkswagen Beetle ya mwaka 2016: urefu moja kwa 14, upana kama moja kwa 12.8. Fiat 500 ya mwaka 2020: urefu moja kwa 12.4, upana moja kwa 12. Yote yamezidi kwa upana. Katika hayo matano ni DB5 peke yake iliyo nyembamba kuliko inavyotakiwa, na ndiyo iliyotukanwa.

MPIMAJI: Usikimbilie kushangilia. Boksi linakata desimali. "Sentimita 12" inaweza kuwa 12.4. Magari matano si utafiti.

MJENZI: Sawa, si utafiti. Lakini mimi najenga, na najua kwa mkono: nikifuata namba kamili, gari linatoka limekonda. Kila mara. Nikiongeza nundu moja, kile kipele cha juu ya kitofali, kila ubavu, linapata mwili.

MPIMAJI: Kwa nini?

MJENZI: Kwa sababu gari halisi unaliangalia ukiwa umesimama barabarani, macho yako yako juu kidogo tu ya paa. La mezani unaliangalia kutoka juu, kama ndege. Paa linakuwa kubwa, ubavu unapotea. Ukinenepesha madigadi, unamrudisha mtazamaji chini.

MPIMAJI: Hiyo nakubali. Hata mfano wa jengo ukiuweka mezani, mteja analalamika kwamba paa limezidi. Halijazidi. Ni yeye aliyepanda juu.

FUNDI: Mimi naona sababu nyingine, na haihusu macho. Mini nimeifanyia kazi. Alec Issigonis aliyeibuni, ilipotoka mwaka 1959, aliilaza injini kwa upana, magurudumu ya inchi kumi akayasukuma mpaka kwenye pembe nne. Ukiikalia unaihisi imekanyaga. Haiyumbi. Sasa mtu akiikumbuka Mini anakumbuka kukanyaga kule, hakumbuki milimita 1,397. Huyo aliyeinenepesha alijenga ile tuliyoikalia.

Nadhani Fundi ametufikisha mbali kuliko sisi wengine. Kila mfano wa gari lazima udanganye mahali fulani. Kinachobaki ni kuchagua pa kudanganyia. Mini imedanganya kuelekea kule ambako kumbukumbu za watu tayari zimeegemea. DB5 ilisema kweli kwenye urefu na kimo, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia, ikadanganya usoni.

Lakini tusimwonee mbunifu. Kitofali chenyewe kina sheria zake, na hapa nampisha Mjenzi.

MJENZI: Kutoka katikati ya nundu hadi katikati ya nundu inayofuata ni milimita 8. Tofali zima lina kimo cha milimita 9.6. Lile bamba jembamba ni milimita 3.2, yaani theluthi ya tofali. Hiyo ndiyo sarafu yetu, hakuna chenji ndogo zaidi ya hapo, au ipo kidogo sana. Sasa piga hesabu kwa moja kwa 13: nundu moja ni sentimita kumi na kitu za gari halisi. Bamba moja ni sentimita nne. Nguzo nyembamba ya kioo utaijengea nini? Mkunjo wa show utaupata wapi?

MPIMAJI: Kwa kulaza.

MJENZI: Kwa kulaza, ndiyo. Bamba tano zikipangwa ni milimita 16, sawasawa na vinundu viwili. Kwa sababu ya hesabu hiyo moja unaweza kugeuza vitofali ubavu, vinundu vikatazama pembeni, na kila kitu kikarudi kukutana. Magari yote haya yamejengwa hivyo. Ukiyabomoa utakuta ndani kuna kuta zinazotazama pande nne, na juu yake ngozi laini isiyoonyesha kinundu.

FUNDI: Na hiyo mimi siipendi.

MJENZI: Kwa nini, mzee?

FUNDI: Kama ni la vitofali, nione vitofali. Mmevificha vinundu vyote mpaka gari limekuwa kama lile la chuma la kununua tayari. Sasa si mngenunua tu lile?

Hoja hii hupuuzwa upesi, na si haki. Kuna mashabiki, wengi wao waliokulia na maboksi ya miaka ya 1980, wanaoona kwamba mfano usio na vinundu umekana asili yake. Mimi siko nao, ila nawaelewa: wanataka kuona jinsi kitu kigumu cha pembe nne kilivyolazimishwa kukunja. Mkunjo ukitoka bila jasho, hakuna cha kushangaa. Wabunifu wenyewe wamezidi kuelekea kwenye mkunjo laini. Beetle ya mwaka 2008, yenye vipande 1,626, ilikuwa kubwa mno, urefu karibu sentimita 40, na bado ilikuwa na ngazi mgongoni. Ile ya 2016, vipande 1,167 na sentimita 29, ina mgongo wa mviringo unaokaribia ule wa gari lenyewe. Ndogo ikaishinda kubwa kwa kuwa vipande vya mkunjo vilikuwa vimeongezeka katika miaka hiyo minane. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba dawa ya DB5 ilikuwa kuifanya kubwa zaidi, sijui wanamtibu nani.

MPIMAJI: Ukubwa unasaidia. Kadiri skeli inavyokua, nundu inazidi kuwa ndogo ukilinganisha na gari.

MJENZI: Basi twende mpaka mwisho, dada. Mwaka 2018, mwaka uleule wa DB5, Lego walijenga Bugatti Chiron ya ukubwa kamili. Moja kwa moja! Vipande zaidi ya milioni moja vya Technic, uzito wa tani moja na nusu, mota ndogo 2,304, bila gundi. Ikaendeshwa, ikapita kilomita 20 kwa saa. Skeli hapo haina kosa. Uliiona?

MPIMAJI: Niliona picha.

MJENZI: Ukasema ni Chiron?

MPIMAJI: Nikasema ni Chiron iliyovaa wavu.

FUNDI: Kilomita 20? Na mota elfu mbili?

MJENZI: Nguvu yake farasi tano na kitu, mzee.

FUNDI: Pikipiki ya kubebea maziwa inaishinda. Lakini inaendeshwa. Hilo nampa.

Sauti ya Fundi ilipofika kwenye kuendeshwa, mjadala ukahama kutoka sura kwenda kazi. Hapa ndipo nilipobadili msimamo kidogo kuhusu DB5, kwa sababu tulikuwa tumelihukumu gari hilo kama sanamu wakati aliyelibuni alikuwa anatengeneza mtambo.

FUNDI: Hebu niambieni hilo la kijivu linafanya nini.

MJENZI: Ukivuta bampa la nyuma, kiti cha abiria kinaruka kupitia paa.

FUNDI: Kinaruka!

MJENZI: Namba za gari zinageuka. Bunduki zinatoka mbele. Ngao ya risasi inapanda nyuma ya kioo. Kwenye magurudumu unatoa visu vya kukatia matairi ya adui. Na hayo yote yanataka nafasi, mzee: fito, gia, bawaba, paa linalofunguka. Ndiyo maana sura imeharibika. Walilipia kiti kwa uso.

FUNDI: Na usukani?

MJENZI: Usukani haugeuzi magurudumu.

FUNDI: Ngoja. Gari linamrusha abiria angani, lakini haligeuki kona?

MJENZI: Haligeuki. Mustang inageuka.

FUNDI: Basi mimi nimemaliza. Hilo si gari.

MPIMAJI: Mzee, mbona wewe ndiye uliyeuliza linafanya nini? Basi hilo linafanya kazi ambayo watu wanalijulia. Hakuna anayeikumbuka DB5 ya Bond kwa kukata kona. Wanakumbuka kiti.

FUNDI: Mimi nakumbuka injini. Silinda sita mstari mmoja, karibu lita nne. Na bodi ya alumini iliyofinyangwa kwa mkono juu ya fremu ya mabomba membamba, mtindo wa Touring wa Milan. Gari la kufinyangwa kwa mkono, binti, pima ubavu wa kushoto, halafu pima wa kulia, uje uniambie kama vinalingana. Unaleta rula ya milimita kwa gari ambalo lenyewe halikujengwa kwa milimita.

Mpimaji hakujibu hilo mara moja, nami nikaongeza jambo la kumchanganya zaidi. Katika filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964, gari lililofungwa vile vifaa vya Bond lilikuwa gari la majaribio la Aston Martin, lililoanza maisha kama DB4 kabla ya kubadilishwa. Kwa maneno mengine, ukitaka mfano wako ufanane na "lile lenyewe", lile lenyewe lilikuwa DB4 iliyovalishwa DB5. Utapima lipi? La kiwandani, la kwenye filamu, au lile ambalo mtoto wa miaka kumi aliliona akakaa nalo kichwani nusu karne?

MPIMAJI: La kiwandani. Mahali pa kuanzia lazima pawepo. Mkianza kila mtu na kumbukumbu yake, tutakuwa na DB5 elfu na hakuna hata moja itakayokaa karibu na nyingine rafuni bila kuonekana kituko.

Hoja ya rafu ni nzito kuliko inavyosikika. Mkusanyaji anataka Fiat ionekane ndogo pembeni ya Mustang, kwa kuwa Fiat ni ndogo: milimita 2,970 tu dhidi ya 4,663. Kwenye mfululizo huu Fiat ni sentimita 24 na Mustang 34, kwa hiyo tofauti ipo, ila imefinywa. Kwenye magari madogo ya Lego yaitwayo Speed Champions hali ilikuwa mbaya zaidi: hadi mwaka 2019 karibu yote yalikuwa na upana wa vinundu sita, yawe ya mashindano au ya mtaani, mwaka 2020 wakahamia vinundu nane, na wenye rafu za zamani wakalia kwamba mapya yanayameza ya kwanza. Usiniulize kuhusu mtu wa Lego anayekaa ndani. Kwa kimo chake cha sentimita nne yuko moja kwa 42 au zaidi kidogo; kwa mabega yake yuko karibu moja kwa 20. Hakuna gari duniani linaloweza kumtosha mtu huyo kihalali.

MJENZI: Tatizo lingine la skeli ni tairi. Bodi nitaidanganya, tairi siwezi kulikata. Yapo ya kipenyo cha milimita 43.2, ya 56, ya 62.4, ya 68.8. Imeandikwa ubavuni. Mimi huanza na tairi. Nikichukua la 62.4 na gari langu halisi lina tairi la sentimita 65, tayari niko moja kwa 10.4, nipende nisipende. Skeli sikuichagua. Iliandikwa kwenye mpira.

FUNDI: Hiyo ndiyo akili. Gari linaanzia chini.

MPIMAJI: Na Landrova? Ile Defender 90 ya mwaka 2023, vipande 2,336. Hiyo mbona hamjaitaja?

FUNDI: Hapo hakuna mjadala. Landrova ilizaliwa tofali. Mwaka 1948 Waingereza chuma kilikuwa cha mgao, wakakunja alumini bapa kwa njia rahisi kabisa. Mkunjo uko wapi wa kukusumbua? Na usukani wake?

MJENZI: Unageuza. Na springi zinacheza.

FUNDI: Unaona?

Naruka hapo haraka, kwa sababu gari la bapa kulijenga kwa bapa si jambo la kubishania jioni nzima. Kilichonivutia zaidi ni kwamba mazungumzo yalipofika kwa magari ambayo Fundi ameyashika kwa mkono, uhalisia aliokuwa akiudai ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Beetle ya 2016 inakuja na ubao wa kutelezea mawimbi juu ya keria. Picha ya California. Fundi aliutazama ubao ule kwa muda.

FUNDI: Mwaka 1962 gari la aina hii lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Volkswagen hiihii. Huo ubao wa nini? Weka tope.

MJENZI: Tope nitalijenga kwa bamba za kahawia, mzee.

FUNDI: Weka mpaka kwenye vioo. Halafu acha pawili pa waipa.

MPIMAJI: Na kama ungeambiwa uchague gari moja lijengwe?

FUNDI: Pijo 504. Unaniuliza? Ove Andersson alishinda nayo Safari mwaka 1975. Lakini mimi sitaki ya mashindano. Nataka stesheni wagoni, ya abiria.

MPIMAJI: Milimita 4,800 kwa 1,690. Kwa moja kwa 13... urefu vinundu 46, upana vinundu 16 na robo. Hii inakubali! Vinundu 16 kamili. Safari hii hakuna haja ya kunenepesha kitu.

MJENZI: Kumi na nane, dada. Madigadi.

MPIMAJI: Kumi na sita! Gari limekupa namba safi, wewe unataka kulichafua.

FUNDI: Bishaneni mbele huko. Mimi nazungumzia nyuma. Ati ile Mustang nyuma inapandishwa?

MJENZI: Ndiyo, kuna kigurudumu cha kuzungusha, ekseli ya nyuma inanyanyua gari.

FUNDI: Basi hii fanyeni kinyume. Pijo ya abiria nyuma imelala. Ikiwa imesimama sawa, ama imetoka bandarini leo ama ni ya balozi.

MJENZI: Naweza kuishusha bamba moja.

MPIMAJI: Bamba moja, kwa skeli ya moja kwa 13, ni sentimita nne za gari halisi.

FUNDI: Nne? Hao ni abiria watatu, tena hawana mizigo. Shusha mbili.